Mgeni Aliyekuja Kumwona Bosi

Ukitaka kucheka, cheka sasa hivi, maana huko mbele hutacheka. Hiki kitu hakikumpata rafiki wa shemeji yangu. Kilinipata mimi, hapa hapa Kamunyonge, Musoma, jua bado linawaka, na mimi sinywagi pombe.

Nina mbwa anaitwa Bosi. Mlafi huyo! Alimeza kichwa cha sangara na ndoano ikiwa ndani, bwana mifugo akampasua tumbo, akaitoa, akamshona. Ili asitafune nyuzi, akakata kitako cha ndoo ya rangi, akamvalisha kichwani na kumfunga shingoni kwa bendeji. Akaniambia, "Dada, hii isitoke. Akifumua hizo nyuzi umempoteza."

Basi ikawa mateso. Bosi anagonga mlango, anagonga miguu ya meza, anagonga magoti yangu. Haoni pembeni, akitaka kukutazama inabidi ageuze ndoo yote. Majirani walicheka mpaka machozi. Mimi sikucheka. Nilikuwa silali, kila akijikuna naruka kitandani kutazama kidonda.

Jioni moja nachambua mchele uani, nikasikia hodi. Mama mtu mzima, khanga mbili safi, miguu peku. Nikampa shikamoo, akaitika, kisha akanisalimia kwa lugha ya kwetu Butiama. Nikajua ni ndugu upande wa marehemu baba. Wewe ungefikiria nini?

"Nimesikia una mgonjwa, mwanangu. Nimekuja kumwona."

Nikampa kigoda, nikamletea maji. Kikombe akakishika tu, hakunywa. Macho yake yote kwa Bosi. Na Bosi, mbwa anayebwekea mpaka kuku, kimya! Mama akisogea kidogo, ndoo inageuka. Akisogea tena, inageuka tena.

"Mbona mmemfunga kichwa hivi? Mfungue apumue."

"Daktari kakataza, mama."

"Mfungue."

Niamini, mikono yangu ilishafika kwenye bendeji. Mtu mzima akikuagiza, na hasa wa kwenu, unakataaje? Lakini nilipoona tumbo la Bosi linatetemeka, moyo ukagoma. Nikasema, "Nisamehe mama, siwezi." Akasimama. "Haya. Nisindikize basi."

Nani kwetu anamwachia mgeni aondoke peke yake? Nikatoka naye. Akawa ananiuliza habari za nyumbani, za ng'ombe, za shangazi, na kila nikitaka kuagana ananiambia, "Bado kidogo, mwanangu, nifikishe pale." Maongezi yalikuwa matamu kweli. Sikumbuki njia tuliyopita.

Ghafla kitu kikanipiga nyuma ya magoti, nikaanguka. Bosi! Hawezi kuniuma wala kunivuta, mdomo uko ndani ya ndoo, kwa hiyo alikuwa ananisukuma kwa ndoo yenyewe, ananipiga nayo kifuani, analia kama mtoto. Hapo ndipo nikasikia baridi. Jamani, nilikuwa nimekaa ndani ya ziwa! Maji yamenifika kifuani, magugu yamenizunguka, na mbele kidogo kiboko anapumua.

Yule mama alikuwa mbele yangu, maji hayajalowesha hata pindo la khanga. Hakukasirika. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Akasema kwa upole kabisa, "Basi nitakuja kukuona siku utakayougua wewe." Nikapepesa macho, hayupo.

Nilimbeba Bosi mpaka kwa bwana mifugo, nyuzi zimefumuka, damu yake inanichirizika mikononi, nalia njia nzima. Alishonwa upya, akapona. Mama Bhoke, jirani yangu, nilimuuliza kama alimwona mgeni wangu. Akashangaa. "Mgeni gani? Nilikuona unatoka peke yako unaongea, nikajua uko kwenye simu." Nikaenda Butiama, nikamweleza shangazi sura ya yule mama. Shangazi aliingia ndani akafunga mlango.

Tangu siku hiyo nikiumwa malaria nasema nimechoka tu. Namezea dawa jikoni, mtu asinione. Na wewe nakuomba: mtu akibisha hodi akakuambia amesikia una mgonjwa, kabla ya kumpa kigoda muulize amesikia kwa nani. Akikosa jina la kutaja, funga mlango, bora uitwe huna adabu. Maana ukijiuliza, mimi habari za ugonjwa wa Bosi sikuwa nimempelekea mtu yeyote wa nyumbani.

Sasa daktari wa Bunda ameniona uvimbe tumboni. Nitapasuliwa, nitalazwa, na wodini mbwa haruhusiwi. Mama Bhoke hajui, shangazi hajui. Nimekwambia wewe peke yako. Tafadhali, usimwambie mtu.