Kati ya Ngapi?

Mwaka ambao mbaazi zilistawi Mutuka nzima hadi watu wakakosa magunia, ndio mwaka nilioona mtoto mwenye akili anafanywa mjinga kwa alama zake mwenyewe. Naukumbuka vizuri kwa sababu mtoto huyo nilimzaa mimi.

Mwanangu, nakuita hivyo kwa umri tu, umekuja hapa kwangu Nangara na simu mkononi, umenionyesha picha ya matokeo ya Joshua, na umeniambia baba yake anataka arudishwe darasa la tatu kwa ajili ya zile ishirini na saba za Hisabati. Sijakujibu bado, nimekuwekea chai kwanza. Mimi si mwalimu, lakini hili la kwako nimelipitia, na nitakueleza taratibu, kwa sababu nikiharakisha nitaanza kumsema mume wangu vibaya, naye yuko shambani hawezi kujitetea.

Wakati huo tulikuwa tunakaa Mutuka. Rehema, binti yangu wa kwanza, alikuwa darasa la saba katika shule ya serikali iliyo karibu na kwetu. Mdogo wake Emanueli alikuwa darasa la pili, shule ya binafsi huku mjini, Bagara, maana baba yao alikuwa amepata nguvu kidogo kwenye biashara ya mbaazi na akataka angalau mtoto mmoja avae soksi ndefu. Zile soksi alizipenda, jamani! Jioni alikuwa akizikagua kama zimerudi zote mbili kabla hajauliza mtoto amesoma nini.

Shule zilipofungwa mwezi wa sita, watoto wote wawili walileta matokeo siku moja. Ya Emanueli yalikuwa kwenye karatasi nzuri iliyopigwa chapa: kusoma sabini na nane, kuandika sabini na moja, kuhesabu themanini na mbili, nafasi ya tatu. Ya Rehema yalikuwa kwenye kipande cha karatasi ya daftari, mwalimu amejaza kwa kalamu. Kiswahili arobaini na nne, Sayansi arobaini na moja, Maarifa ya Jamii thelathini na tisa, Hisabati thelathini na sita, Kiingereza ishirini na tatu, nafasi ya tisa. Basi, hakuna zaidi. Hakuna herufi wala maelezo ya mwalimu. Baba yao akazilaza karatasi mezani, moja kando ya nyingine, akaanza kutikisa kichwa.

"Mama Rehema, hebu njoo uone," akaniita. "Mdogo hana hata moja chini ya sabini. Mkubwa hana hata moja iliyofika hamsini."

Rehema alikuwa amesimama mlangoni, bado na sare. Akasema, "Baba, sisi zetu ni kati ya hamsini."

Baba yake akacheka. "Shule gani hiyo inasahihisha nusu? Mtoto akifeli hakosi la kusema."

"Kweli baba, ni kati ya hamsini."

"Nenda ukabadilishe nguo."

Akaenda. Mara ya pili alisema kwa sauti ndogo kuliko ya kwanza, na mara ya tatu haikuwepo. Mimi nilibaki nazitazama zile karatasi nisijue nani ana haki, kwa sababu enzi zetu shuleni tuliambiwa umefaulu au umefeli, mambo yakaishia hapo.

Cha kuchekesha, kama ungeweza kucheka, ni kwamba mume wangu alikuwa mtu wa vipimo. Huwezi kumuuzia mbaazi kabla hajalipindua debe lako kuangalia kama limebonyezwa chini. Alishawahi kugombana na mtu karibu asubuhi nzima kwa ajili ya lumbesa, lile gunia linalojazwa kupita kipimo. Mtu huyo huyo, alipofika kwenye alama za mtoto wake, alizisoma tu hivi hivi zilivyoandikwa, hakutaka kujua zimepimwa kwa kipimo gani.

Sasa sikiliza kilichofuata. Darasa la saba huwa wanawekwa kambi kabla ya mtihani. Wanalala shuleni, wanasoma mchana na jioni, na wazazi tunapeleka mahindi na maharage ili watoto wale. Kambi ile iliangukia wakati wa kuvuna mbaazi. Baba Rehema akasema hatapeleka chakula kambini kwa mtoto ambaye matokeo yake ameyaona kwa macho yake. Rehema angeenda kufanya mtihani kama wenzake, hilo hakulikataa, lakini wiki zile angebaki nyumbani kusaidia mavuno. Na mtihani ukiisha, shangazi yake wa Arusha alikuwa anatafuta msichana wa kumlelea mtoto. Walishaongea kwa simu na kukubaliana, na mimi niliambiwa mambo yakiwa yameiva.

Nilimkasirikia sana mume wangu. Nilimwambia binti huyu hajawahi kuitwa mzito tangu aanze kuongea. Akanijibu kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulioniuma. Akasema, "Mama Rehema, mimi simchukii mtoto. Namtafutia njia mapema, asije akahangaika." Aliamini anamsaidia. Mzazi wa namna hiyo ni mgumu kumgeuza, maana hajioni kama amekosea popote.

Basi wenzake wakaingia kambini na Rehema akabaki na mimi kwenye turubai, anapiga mbaazi kwa fimbo. Hakulia wala hakununa. Alikuwa anapiga tu, vumbi linamjaa kwenye nywele, na ukimwita anaitika vizuri. Nilitamani anune.

Wiki ya kwanza ya kambi ilikuwa inakaribia kwisha alipokuja Mwalimu Agatha. Huyu ndiye alikuwa mwalimu wa darasa la saba, mama mtu mzima, amebakiza muda mdogo kustaafu. Alikuja kwa miguu, mkoba begani. Baba Rehema akainuka haraka.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba Baba Rehema. Poleni na mavuno. Nimemfuata mwanafunzi wangu."

Mume wangu hakubabaika. Aliingia ndani akatoka na zile karatasi mbili, akampa mwalimu kama mtu anayetoa ushahidi. "Mwalimu, nakuheshimu sana. Lakini tazama mwenyewe. Nipeleke gunia la chakula kwa ajili ya hizi?"

Mwalimu Agatha akavaa miwani. Akasoma ya Emanueli, akasoma ya Rehema, akarudia ya Emanueli. Mimi nilikuwa nimeshaacha kupepeta.

"Huyu mdogo wanasahihisha kwa mia," akasema. "Sisi tunasahihisha kwa hamsini, kama mtihani wa taifa. Hii arobaini na nne ya Kiswahili, ukiipeleka kwenye mia, ni themanini na nane. Sayansi ni themanini na mbili. Hisabati ni sabini na mbili, na hiyo si Hisabati ya kuhesabu vijiti, ni ya sehemu, asilimia na maeneo. Hata usiziweke pamoja, Baba Rehema. Mmoja yuko darasa la pili anajifunza kusoma, mwingine anamaliza shule."

"Na nafasi ya tisa?"

"Ya tisa kati ya watoto zaidi ya themanini. Darasa la huyu mdogo hawafiki ishirini na tano. Anachohitaji Rehema ni Kiingereza, hapo ana C, na ndiyo maana nilimtaka kambini tangu siku ya kwanza."

Baba Rehema akakaa kwenye gunia. Akasema polepole, "Mtoto alisema ni kati ya hamsini."

Mwalimu akavua miwani. "Alikwambia?"

"Aliniambia. Mara mbili. Nikajua anajitetea."

Sikuwahi kumwona Mwalimu Agatha amekasirika kabla ya siku hiyo, na hata hapo hakupandisha sauti. Akasema, "Kutojua mambo ya alama si kosa. Ningekueleza hata mara kumi, ndiyo kazi yangu. Lakini binti yako alikwambia ukweli, na kutoka hapa mpaka shuleni ni robo saa. Kwa nini hukuja kuniuliza kama anadanganya?"

Rehema alikuwa pale pale, fimbo mkononi, anasikia kila neno. Baba yake hakumtazama. Alienda kufunga mahindi na maharage kwenye baiskeli, akamwambia binti yake akusanye nguo zake, wakaondoka wote watatu. Shangazi wa Arusha alipigiwa simu jioni hiyo hiyo.

Najua unataka kujua kama alifaulu. Alifaulu, akapangiwa sekondari ya kutwa hapa mjini. Siku ya matokeo baba yake alinunua soda kreti nzima, akawaita majirani, na kila aliyepita njiani alinyweshwa atake asitake. Mimi nikadhani yale mambo yameisha.

Hayakuisha, mwanangu. Hapa ndipo nilipotaka ufike.

Tangu siku ile Rehema hakumpelekea baba yake karatasi ya matokeo tena. Hakumkosea adabu hata siku moja, alimwamkia, alimpakulia chakula, alimfulia. Lakini baba yake akimuuliza, "Matokeo yametoka?" alikuwa anajibu, "Yametoka baba, salama," halafu anaendelea na kazi yake. Karatasi alikuwa ananiletea mimi jikoni. Tunasoma pamoja, ananieleza hii ni kati ya ngapi, hii imepanda, hii imeshuka, tunacheka. Baba yake usiku ananiuliza, "Kapata ngapi?" Mimi namwambia, "Muulize mwenyewe." Anageukia ukutani. Nilifikiri ni hasira za kitoto zitakazopita akikua. Alikua, na bado hazikupita, na nikaja kuelewa kwamba hazikuwa hasira. Alikuwa ameshajua kwamba kwa baba yake maneno yake hayatoshi, akaacha kuyapoteza.

Alipomaliza kidato cha nne alifaulu vizuri kuliko tulivyotegemea. Alisoma matokeo kwenye simu ya rafiki yake, akaja akanikumbatia jikoni mpaka nikamwaga unga. Baba yake alikuwa mnadani. Aliporudi jioni hakukaa mezani, alisimama pale mlangoni ameshika kofia.

Akaniambia, "Leo watu wamenipa mkono mnadani. Wananiambia hongera, binti yako amefaulu. Nikawa naitikia asante, asante, kama mtu anayejua."

Nilimwonea huruma siku hiyo, mwanangu, hasira zangu zote za miaka ile zikayeyuka. Nilimwambia Rehema yuko nyuma anafua, aende. Alienda. Sikusikia waliyoongea na sikuuliza. Siku hizi Rehema yuko kazini Singida na anampigia baba yake simu kila Jumapili, wanaongea habari za mvua na bei ya mbaazi. Habari za masomo yake zile za zamani baba yake hazijui mpaka leo.

Sasa turudi kwa Joshua wako. Kwa utaratibu wa mtihani wa taifa, alama za darasa la nne, na za darasa la saba pia, kila somo ni kati ya hamsini. Ishirini na saba imevuka nusu, na herufi yake ni C. Kuanzia arobaini na moja ni A, thelathini na moja ni B, ishirini na moja ni C, chini ya hapo ndipo wanapoandika D na E, na hapo ndipo ungenikuta na mimi nimeshika kichwa. Darasa la saba siku hizi masomo ni sita, kwa hiyo jumla kubwa ni mia tatu, usije ukaiona mia na themanini ukaanza kuruka. Majaribio ya ndani kila shule ina utaratibu wake, wengine wanatumia mia, na mtaala nao unabadilika, kwa hiyo usinitegemee mimi, nenda kamuulize mwalimu. Na ukienda, usiulize tu amekuwa wa ngapi. Nafasi inakueleza habari za watoto wa wenzako. Angalia somo moja moja, uliza la muhula uliopita lilikuwaje, uliza nyumbani mnaweza kusaidia wapi. Mpeleke na baba yake. Akisema ana kazi, mwambie mimi ndiye niliyemtuma.

Lakini kabla ya mwalimu, muulize Joshua. Mwambie akusomee hiyo karatasi yeye mwenyewe, halafu mnyamaze, wewe na baba yake, mpaka amalize. Akiwaambia jambo msilolijua, msicheke.

Haya, maliza chai yako uende, asije akatoka shule akakuta mlango umefungwa. Mungu akutunzie mtoto wako, ampe akili na afya. Na wewe na mume wako awape subira na masikio, ili siku Joshua atakapokuja mbio na habari zake, nzuri ama mbaya, awatafute ninyi kwanza.