Biasha Anenepa kwa Kutembea

Mizani ya hospitali haina haya. Biasha aliipanda akiwa amevua viatu, amevua mtandio, na kama si heshima angevua na bangili, lakini mshale ulipita pale uliposimama mwezi uliotangulia na kuendelea mbele.

"Mama, umeongeza," daktari Judy akasema. "Si tulikubaliana utaanza exercise?"

"Nafanya, daktari. Wallahi nafanya kila siku."

Judy, binti wa bara aliyehamishiwa Msambweni hivi karibuni, hakubishana naye. Alimkumbusha tu. Ngiri ya kitovu ilitaka kushonwa, lakini kwa unene ule mshono ungeachia. Apunguze mwili kwanza, ndipo apangiwe siku ya kupasuliwa. Na kama ngiri ingenasa ikawa ngumu, ikamuuma isirudi ndani, asingoje siku wala saa, akimbizwe hospitali.

Biasha alirudi nyumbani na maneno hayo yakimzunguka kichwani. Alikaa kwenye cherehani, maana kazi yake ni kushona madera, akaunga mkono wa kulia upande wa kushoto. Akafumua. Akainuka, akajishika kitovu, akaketi, akainuka tena. Anatembea kila asubuhi mpaka visigino vinamwaka moto, halafu ananenepa! Alitaka kulia, alitaka kumtukana mtu, na hakujua amtukane nani.

Ugonjwa wenyewe hakuwa amemwambia mtu ila mumewe Swabir, ambaye kazi ya malori humweka mpakani Lunga Lunga juma zima. Kwa Biasha ngiri ilikuwa ugonjwa wa wanaume, na wanawake wa mtaa wake wangejua, wangemfanya kichekesho cha harusi tatu mfululizo. Dera ni pana na lake alijishonea mwenyewe, basi hakuna aliyeona kitu.

Ila kutembea kungeonekana. Mwanamke mzima azunguke mtaa asubuhi, mikono mitupu, haendi sokoni wala haendi msibani! Watu wangeuliza, na wasipojibiwa wangejijibu wenyewe. Kwa hiyo Biasha alibeba kikapu, na kila alipoulizwa, "Biasha, waenda wapi?" alijibu lile lililomjia haraka: "Naja kukujulia hali."

Hapo ndipo alipojikaanga. Mtu aliyekuja kukujulia hali huwezi kumwacha kizingitini, na mgeni huwezi kumwacha mdomo mkavu. Kwa jirani yake Twaiba viazi vya karai vilikuwa ndiyo kwanza vinaepuliwa. Nyumba ya pili chai ya maziwa. Akikataa anaambiwa, "Umekula kwako, na kwangu je?" Kituo cha mwisho kilikuwa kwa Bi Hafsa, mahamri na mbaazi za nazi zilizokolea. Na Biasha, masikini, hakuvihesabu vyote hivyo. Chakula kwake kilikuwa kile alichokula nyumbani. Cha watu alikuwa anaonja tu.

Bi Hafsa alikuwa mjane wa makamo ya mama yake. Wanawe walihamia Mombasa na simu zao zilikuwa za sikukuu. Tangu Biasha aanze kufika, bibi huyu alikuwa akiamka kabla ya adhana kukanda unga, akifagia baraza mara mbili, akitandika mkeka mpya.

Asubuhi iliyofuata ile mizani, alimsogezea sahani kama kawaida. "Ongeza, mwanangu. Haya nimetia iliki kwa ajili yako."

Biasha aliinama kuchukua hamri la tatu. Kitovu kikavuta. Alikishika juu ya dera, akakikuta kigumu, na jasho likamtoka mwili mzima. Nimekufa, akasema moyoni. Alijilaza palepale mkekani, akabonyeza taratibu kama Judy alivyomwonyesha, na baada ya kitambo kirefu kikalainika na kurudi ndani.

"Una nini wewe?" Bi Hafsa alikuwa amemshika bega.

Hofu ilimfungua mdomo. "Nina ngiri, Bi Hafsa. Nimeambiwa nipungue ndipo nipasuliwe. Huku kutembea kwangu ni mazoezi, na hivi vyakula vyaniua."

Bi Hafsa alitoa mkono begani. "Kumbe hukuwa waja kwangu."

"Mimi nilikuwa napita tu..."

Neno lilikwisha kutoka, na Biasha angetoa cherehani yake kulirudisha. Bi Hafsa alifunika mahamri kwa kawa, akasimama.

"Basi pita," akasema.

Kesho yake Biasha aliacha kikapu nyumbani na kusema kweli kila mlango. Twaiba alicheka mpaka akashikilia ukuta. "Ngiri? Wewe?" Kufikia adhuhuri habari zilikuwa zimefika hadi kijiji cha Mkunguni, na ajabu ni kwamba hakuna aliyekufa. Sasa akipita walimpigia makofi, "Haya, kazana!" na hakuna aliyemwita ndani.

Mwili ulianza kupungua. Moyo ndio haukutulia. Mlango wa Bi Hafsa ulifungwa, na harufu ya mafuta ya moto haikusikika tena pale. Biasha alisimama nje kila asubuhi akapiga hodi, akaamkia. Alichosikia ni redio tu ikipunguzwa sauti. Aliendelea na njia akiona aibu na uchungu, na siku nzima hakuweza kushona pindo moja bila kuinuka.

Mwishowe mshale wa mizani ulirudi nyuma, na Judy akampa siku. Hata furaha yake haikukaa. Asubuhi yake alikwenda moja kwa moja hadi kwenye ule mlango, akauambia mlango wenyewe:

"Shikamoo, Bi Hafsa. Napasuliwa Jumatano. Nilikukosea, na naogopa. Nikifa, unisamehe."

Redio ilizimwa. Komeo likavutwa.

"Marahaba. Nani kakwambia utakufa?" Bi Hafsa alimtazama juu mpaka chini. "Umekonda shingo. Na ukishashonwa, utatembea?"

"Siwezi. Nimeambiwa nitulie nyumbani mpaka nipone."

"Utulie, wewe!" Bi Hafsa aliguna, karibu acheke, halafu akajifunga kanga vizuri kiunoni. "Basi nitakuja mimi, kila asubuhi. Tena sitapika kitu."

Biasha aliinama, akaubusu mkono wake.

"Nitakuja kwako, Biasha," Bi Hafsa akasema. "Sitakuwa napita."