Mbuzi Ambao Sikuwaandika

Watu hudhani karani lazima awe mtu mpole. Mimi nilikuwa karani wa pekee mwenye sketi katika biashara ndogo ya malori pale Embu, miaka ya Hali ya Hatari, Mwingereza alipokuwa akiwasaka Mau Mau, na upole nilimwachia mama yangu. Dereva aliyeniletea karatasi zenye madoa ya grisi alinisikia mpaka barabarani. Basi fikirieni aibu yangu siku kosa kubwa kuliko yote lilipotoka mkononi mwangu mwenyewe.

Tajiri wetu alikuwa Mwislamu wa Meru mjini, mtu wa kanzu safi na maneno laini. Kiswahili changu chote kizuri nilikiiba kwake. Alikuwa ameanzisha akiba ya wafanyakazi: kila mwezi, kwa kila mtu wake, alitoa kitu mfukoni mwake, ili siku ya kustaafu mtu asirudi nyumbani mikono mitupu. Kisheria aliruhusiwa kuutoa mchango huo kwenye faida yake kabla ya kukatwa kodi. Mambo safi kabisa. Taabu ni kwamba wafanyakazi hawakuitaka akiba ya kitabuni.

"Karatasi haizai," alisema mzee mmoja mpakiaji mizigo, mkubwa wa wenzake. "Na leo nikichukuliwa kwenye msako, nani atajua karatasi yangu iko wapi? Tununulie mbuzi."

Tajiri alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akakubali. Mbuzi wakanunuliwa, wakapelekwa kwa mama mmoja mjane karibu na Kiritiri, mbali na vijiji vyetu vya mahandaki tulimofungiwa na serikali, ambako mifugo ya mtu ingeweza kunyakuliwa asubuhi moja ati kijiji kizima kimekosa. Kwetu, kuweka mbuzi kwa mtu wa mbali ni desturi ya tangu zamani. Kila mbuzi alikatwa sikio kwa alama ya mwenyewe, na yule mama akapata maziwa yake na kitoto kimoja kimoja kwa kazi ya kuchunga.

Mwisho wa mwaka nikajaza hati za kodi. Safu ya kwanza, jina la mfanyakazi. Ya pili, bei. Ya tatu, idadi ya mbuzi waliopo. Hapo mkono ukagoma.

Nilisoma misheni mimi, na wazee wenye miiko nilikuwa nikiwacheka hadharani. Lakini mama yangu alinilea akinipiga vidole kila niliponyoosha mkono kuhesabu ndama au wadogo zangu. Chenye uhai hakihesabiwi; ukikihesabu umekiitia kifo. Upuuzi mtupu, nikajiambia, nikachovya kalamu. Nikaandika majina, nikaandika bei, safu ya tatu nikaiacha nyeupe, nikaifunga bahasha haraka kama mwizi.

Jibu likatoka Nairobi. Mchango wote umekataliwa, kwa kuwa safu ya idadi ni tupu na haionekani kama akiba hiyo ipo. Kodi imekadiriwa upya, nayo ilikuwa nzito. Tulikuwa na siku thelathini za kuomba marekebisho.

Tajiri aliisoma barua mara mbili. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma.

"Binti, nikilazimika kulipa hii, itabidi niwaombe wenyewe mbuzi wauzwe," alisema. "Sina pengine pa kutoa."

Nikamfikiria yule mzee mpakiaji. Mgongo wake ulikuwa umekwisha na mwezi uliofuata alikuwa anastaafu. Shamba lake lilikwenda alipokuwa kizuizini, kwa kosa ambalo mpaka leo hakuna aliyelitaja. Mbuzi wale ndio waliokuwa mali yake yote duniani. Naye aliponiona nimenuna akaniambia, "Pole, karani wangu," ati ananifariji mimi! Nilitamani ardhi inimeze.

Niliandika pingamizi kali mpaka tajiri akafuta sentensi tatu. Barua ikafanya kazi: afisa wa kodi akaja mwenyewe, Mzungu kijana, mwembamba, pua imebabuka kwa jua. Tukapata pasi za kutoka, maana siku hizo hatukuruhusiwa kusafiri bila kibali, tukapanda lori, afisa na tajiri mbele, mimi na mzee nyuma juu ya magunia.

Mama wa mbuzi alitupokea akiwa amesimama kwenye mlango wa zizi, fimbo mkononi. Hakujua Kiswahili, kwa hiyo nilitafsiri.

"Muulize wako wangapi," afisa akasema.

"Wanatosha," mama akajibu.

"Wanatosha wangapi?"

"Mwambie wanatosha kutosha. Kwani yeye anataka kuwaua?"

Loo! Jasho lilinitoka. Afisa akageuka, akamwelekezea tajiri kalamu. Je, mtu huyu akitaka kuwachukua mbuzi wake leo, anaweza? Nikatafsiri. Mama alimtazama tajiri kuanzia kofia hadi viatu.

"Huyu? Akishika kamba ya mbuzi mmoja tu, nitamvunja mkono. Si wake hawa."

Tajiri alicheka kuliko wote. Afisa akaandika hayo neno kwa neno, kwa maana ndiyo ushahidi aliokuwa akiutafuta: mali imetoka mkononi mwa mwajiri na haiwezi kurudi.

Ikabaki idadi. Nikamnong'oneza mama, naye akafikiri, kisha akafungua zizi. Akawatoa mmoja mmoja, akimtaja kila mbuzi kwa rangi yake na mwenye alama. "Mweusi wa tumbo jeupe, wa dereva. Mwenye pembe moja, wa mpakiaji." Mimi nikawa naandika, kila mbuzi mstari wake. Walipokwisha, nikampa afisa daftari ahesabu mistari. Mistari ni wino tu, haina roho. Alihesabu akichezesha midomo, na mama akasema, "Mwambie afunge mdomo." Hilo sikulitafsiri.

Makadirio yakarekebishwa, mchango ukakubaliwa, mbuzi wakabaki. Nililala usingizi kama mtoto.

Siku ya kustaafu, mzee alikuja ofisini kuweka kidole gumba kwenye hati. Nikaona nikinyamaza nitakufa nayo.

"Baba, mimi ndiye niliyekukosea," nikasema. "Safu ile niliiacha tupu mimi. Nusura upoteze kila kitu."

"Najua," akasema, akifuta wino kidoleni. "Siku ile ulipojaza hati za mbuzi wetu nilikuwa mlangoni nasubiri pasi. Niliiona kalamu yako imesimama, nikaona na ulivyoifunga bahasha. Ndipo nikampelekea habari yule mama: mbuzi wetu wako salama, karani amekataa kuwahesabu."

Mimi niliyewapigia kelele madereva nililia mbele ya watu, kamasi na yote.

"Yule mbuzi mwenye kipaji cha uso cheupe nimemwacha Kiritiri," akasema. "Ni wako."

Mbuzi yule alizaa, na wanawe wakazaa, nao ndio walionisomeshea watoto. Wajukuu wangu, wenye kalkuleta mifukoni, hupenda kuniuliza walifika wangapi. Walitosha.