Mapipa ya Molasi Uani mwa Korti

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msinitafutie maneno matamu. Jambo lenyewe lilinuka, na nitaliandika vile lilivyonuka.

Wakati wa vita vya Shifta, serikali ikipigana na waasi huku kaskazini mwa Kenya, tulikatazwa kupeleka mifugo malishoni mbali na Isiolo. Nilikuwa nimebaki na ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Mtoto wangu wa mwisho alikuwa mgonjwa, tumbo lake halikubali kitu kingine ila maziwa. Ng'ombe naye alikula nyasi kavu za kuezekea, lakini mpaka uzinyunyizie molasi, ule uji mweusi unaobaki kiwandani sukari ikishatolewa. Bila molasi anageuza uso.

Mimi na jirani yangu Mborana tulimpa mwenye duka kila mmoja mbuzi wake, atuagizie pipa moja. Yeye akaagiza mapipa mengi ya kuuza, yakaja na lori la tajiri mwingine, nyuma ya msafara wa jeshi. Yalipofika, mwenye duka akafungua moja, akachovya kidole, akatema.

"Umewauzia wapika pombe ya chang'aa njiani, ukajazia maji ya mto!"

"Maji umetia wewe," akasema mwenye lori. "Mwizi wa mchana!"

Wakapelekana kortini. Hakimu akaamuru mapipa yote yatiwe lakiri, yakae uani mwa korti, mtu asiyaguse mpaka kesi iishe. Kesi gani ya kuisha? Leo wakili amekwama Meru, msafara haujatoka. Kesho shahidi haonekani. Jua likayapika yale mapipa mpaka yakatoa povu pembeni, nzi wakajaa.

Siku moja tukaenda kortini, mimi na jirani. Tukakuta wameleta bakuli la ushahidi. Mawakili wawili, watu wazima na tai zao, wanachovya vidole na kulamba. Huyu anasema ni maji, yule anasema si maji. Nikasimama.

"Mheshimiwa, pipa moja ni letu. Tupe hata kopo. Ng'ombe wangu analamba udongo."

"Mama, wewe si mmoja wa wenye kesi. Keti."

Wakili mmoja akasema, "Basi mlete ng'ombe awe shahidi!"

Korti nzima ikacheka. Mwenye duka, aliyekula mbuzi wangu, akacheka kuwapita wote. Jirani akanivuta nguo. "Dada, twende. Wallahi, hawa hata wakioga hawatakati."

Juma lile ng'ombe alianguka, hakuinuka tena. Mtoto aliponea maziwa ya mbuzi wa jirani, kikombe alichowanyima watoto wake mwenyewe.

Halafu mwenye duka na mwenye lori wakapatana. Si mbele ya hakimu, hotelini, wakila nyama sahani moja. Kesi ikafutwa, mapipa wakarudishiwa, na molasi iliyochacha wakawauzia wapika chang'aa, wale wale waliotajwa kwenye kesi. Hakuna aliyeona haya.

Mwenye duka akamtuma mfanyakazi wake kwangu na kopo, limejaa nusu.

"Tajiri wangu anasema pole kwa ng'ombe. Anauliza pia kama ngozi mtauza."

Povu juu, nzi ndani. Mume wangu akanyoosha mkono kulipokea. Nikawaambia wote waliokuwa pale:

"Hakuna mtu wa nyumba hii atakayeonja hiyo. Mwageni chooni. Kopo mrudishieni bila kuosha, na ile ngozi izikeni leo."