Punda Wawili wa Mkokoteni Mmoja

Miaka ile ya tisini, Mpanda ikiwa bado ndani ya Mkoa wa Rukwa, nilikuwa mtumishi wa mifugo katika vijiji vya upande wa Sitalike. Watu waliniita Bwana Mifugo ingawa nilikuwa mwanamke, kitenge kiunoni na gambuti miguuni. Nilishachoka kuwasahihisha. Nilichoka na mambo mengi wakati ule, lakini kazi iliyonimaliza kabisa ni ile ya kupekua mavi ya punda.

Dawa ilikuja kwa treni kutoka Tabora, ndani ya maboksi yenye picha ya farasi mweupe anayeruka kizuizi. Wanakijiji waliitazama picha ile kwa muda mrefu. Farasi hatukuwa naye hata mmoja; mbung'o wa pori letu wasingemwacha amalize msimu. Daktari wa mifugo aliyeletwa na mradi alitaka kujua kama dawa inayowatoa tegu kwenye matumbo ya farasi wa Ulaya ingefanya hivyohivyo kwa punda wetu. Swali lilikuwa zuri. Ila jibu lake lilikuwa ndani ya mavi, na wa kulitafuta humo ni mimi, kwa chekeche na ndoo ya maji, jua la Oktoba likiwa utosini.

Punda walikuwa wa Wasukuma waliohamia kwetu na ng'ombe zao kutoka Shinyanga. Daktari alipiga kura: nusu ya punda wapewe dawa, nusu wasipewe, wangoje mpaka kazi iishe ndipo nao wapate. Alieleza kwa subira. Wasipokuwepo wasiopewa, tutajuaje kwamba ni dawa iliyotoa minyoo, si majani mabichi wala bahati? Watu wakaitikia, nami nikaitikia, maana maelezo yalikuwa ya kweli.

Kura hiyo ikawatenganisha punda wa mama wawili majirani. Kila mmoja alikuwa na punda jike mmoja, na baina yao walikuwa na mkokoteni mmoja, wa kuvutwa na punda wawili. Kwa hiyo waliwafunga pamoja, wakachota maji ya nyumba zote mbili na kupeleka mahindi mashineni. Mmoja wao alikuwa mjane, mama mkimya. Punda wake alikuwa amekonda, mara analala, mara anageuza shingo kutazama tumbo lake mwenyewe. Huyo ndiye kura ilisema asipewe. Aliyepewa ni wa jirani yake, mama mrefu, mcheshi, ambaye punda wake alikuwa na nafuu.

"Bwana Mifugo," mjane akaniambia, "anayeumwa ni huyu wangu. Mbona apewe yule anayekula vizuri, huyu aangaliwe tu?"

"Ni kura, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma chao. "Vumilia kidogo, naye atapewa."

"Haya," akasema, akaenda kukata majani.

Dawa ilitolewa mara mbili. Ya kwanza tuliwalisha wenyewe, imechanganywa na pumba, nikapigwa teke la paja. Shukrani ya punda ni mateke, daktari alisema huku akicheka. Mimi sikucheka. Ya pili ilikuwa ya kesho yake asubuhi, na kwa kuwa tulitakiwa kijiji kingine, kila mwenye punda aliachiwa yake, imefungwa kwenye karatasi.

Tuliporudi, nikaanza kuosha mavi. Ya punda wa yule mama mcheshi yakaacha vipande vyeupe bapa kwenye chekeche, mfano wa mbegu za maboga zilizomenywa. Hao walikuwa tegu, na daktari akachuchumaa pembeni yangu akifurahi kama mtoto. Kisha nikaosha ya punda wa mjane, ambaye hakupewa kitu. Vipande vikatoka tena. Vichache, lakini vilikuwepo. Daktari akaniuliza kama nimechanganya ndoo. Nikamjibu kwamba nimechoka, ila sijafika huko.

Tukaenda kwa mama mcheshi, naye hakuficha lolote. Ile karatasi ya asubuhi alikuwa ameigawa katikati, nusu akampa wake, nusu akampa wa jirani.

"Lakini mama," daktari alisema, "ungempa wako dozi yote, angepona kabisa."

"Angepona," akasema. "Halafu avute na nani?"

Daktari akafungua daftari lake la kura. Utaratibu ulikuwa na jibu lake: punda wote wawili wakatolewa kwenye majaribio. Na dawa iliyowekwa kwa ajili ya wale wasiopewa ilikuwa ya waliobaki kwenye majaribio tu. Nilimwomba daktari dozi moja ya punda wa mjane. "Si yangu, dada," akanijibu, na si kwa ubaya. Nikaenda kutafuta kwingine. Ofisini kwetu wilayani kabati lilikuwa na dawa ya kupe peke yake.

Mvua za kwanza ziliponyesha, punda wa mjane alianza kugaragara. Asubuhi moja tukamkuta amekufa. Daktari aliomba ruhusa tumfungue, mjane akakubali, na kisu nikashika mimi. Pale utumbo mwembamba unapoungana na mnene, tegu waliobaki walikuwa wamejishikiza kundi moja. Mjane akainama, akawatazama vizuri.

"Hao ndio waliobaki?"

"Ndio hao, mayu."

"Kumbe si wengi," akasema.

Baadaye nilisikia majaribio yalitoa matokeo mazuri, na kwamba dawa inafanya kazi. Nilifurahi, kwa niaba ya farasi.

Siku nyingine nilikuwa narudi na baiskeli kutoka kuchanja kuku, nikaona mkokoteni ule unapanda kutoka mtoni na mapipa ya maji. Upande mmoja alikuwa punda wa mama mcheshi. Upande wa pili, kamba ikiwa imempita kifuani, alikuwa mjane. Mwenye punda alikuwa nyuma, anasukuma kwa mabega. Nikalaza baiskeli kwenye majani, nikasimama pale nisijue pa kuweka mikono.

"Bwana Mifugo, shika huku," mama mcheshi akaniambia, akanisogezea nafasi. Safari hii hakucheka.

Nikashika. Matope yalikuwa mengi na kilima kilikuwa kirefu kuliko nilivyowahi kukiona nikiwa juu ya baiskeli. Mjane alisimama mara kwa mara kuvuta pumzi. Hakuna aliyemfokea wala kumshika punda, lakini kila mjane aliposimama, punda naye alisimama, akamngoja.