Maziwa ya Herina

Kabla mambo hayajaharibika, tulikuwa siku moja nyuma ya nyumba tukipukuchua mahindi: dada yangu Herina, jirani yetu Wambui, na mimi. Tuliishi kwenye kilima kilicho juu ya Karatina, karibu na msitu. Herina na Wambui walikuwa wamejifungua msimu mmoja. Yohana wa Herina na Muriuki wa Wambui walikuwa wamelazwa kwenye shuka moja, wakipigana mateke.

Herina alikuwa mtu wa uamsho, mlokole. Aliimba akipukuchua, aliimba akipalilia, aliimba akipanda mlima na mzigo wa kuni mgongoni.

"Mama Yohana," Wambui akamwambia, "huyo Yesu wako hachoki kuitwa?"

"Yeye hachoki. Wewe ndiye utachoka kusikia."

Wakacheka mpaka mahindi yakamwagika. Nasema hivi ili ijulikane kwamba walipendana.

Halafu mume wa Wambui akaingia msituni kupigana na wakoloni. Ishmaeli, mume wa Herina, alikuwa seremala Nairobi. Alikamatwa pamoja na wengine wengi, akapelekwa kambi ya kizuizini, ingawa hakuwa amekula kiapo cha wapiganaji. Herina mwenyewe alijiwa na watu wa msituni, akakataa kiapo. Walimpiga. Walimwacha hai kwa sababu ya mtoto aliyekuwa mgongoni. Homgadi, wenyeji waliobebeshwa bunduki na serikali, nao walipomwita akaishi karibu na kambi yao apate ulinzi, akakataa pia. Alisema hawezi kukaa chini ya bunduki inayoua watoto wa jirani zake.

Basi akabaki katikati. Wanawake wakaanza kunyamaza akifika kisimani. Mtu ambaye hajala kiapo, walisema, anaweza kuwauza waliokula.

Hali ya Hatari ilipozidi, nyumba zetu zilichomwa moto. Tukahamishwa sote, tukasongamanishwa katika kijiji kimoja chenye uzio. Nilikuwa sijaolewa, kwa hiyo nikaishi na Herina. Kila asubuhi wanawake tulitolewa kwenda kuchimba handaki kati ya mashamba na msitu, ili walio msituni wasifikie chakula. Lilikuwa refu na la kina, na chini tulisimamisha mianzi iliyochongwa. Jioni tulipewa muda mfupi wa kukimbilia shambani kutafuta chakula, kisha lango likafungwa. Aliyechelewa alilala njaa, na watoto wake pia.

Siku moja tulipangwa mstari kando ya handaki. Mtu aliyevikwa gunia kichwani, lenye matundu mawili ya macho, akapitishwa mbele yetu. Hakusema neno. Alitikisa kichwa tu, maana yake si huyu.

Alipofika kwa Wambui, aliinamisha kichwa.

Wakamshika. Muriuki alikuwa amelala kwenye nyasi, juu ya udongo tuliochimba. Wambui akapiga kelele, akinyoosha mikono kwa mtoto. Wakamtupa ndani ya lori.

Kabla lori halijaondoka alitazama mstari wote. Macho yake yakamwangukia Herina. Herina peke yake ndiye aliyekuwa hajala kiapo.

Lori likaenda.

Mtoto akaamka, akalia. Hakuna aliyesogea. Kumwokota mtoto wa mtu wa msituni kulikuwa sawa na kusema wewe pia uko huko.

Herina akatoka mstarini, akapanda kwenye udongo, akamwinua.

Askari mmoja, mtu wa magharibi mwa nchi, akamjia.

"Wewe mama, hii mtoto ni ya nani?"

"Huyu wa mgongoni nimemzaa. Huyu nitamlea."

"Unajua baba yake iko wapi?"

"Baba yake sijui. Njaa yake naijua."

Askari akamtazama, akautazama umati. Akapiga udongo teke.

"Haya. Maziwa yako, shida yako."

Tangu siku hiyo Herina aliwanyonyesha wawili. Mwanzoni maziwa yalitosha. Lakini sisi tulikula majani ya malenge na unga kidogo, na siku nyingine hata hayo hayakuwapo. Titi la mwanamke mwenye njaa ni kisima cha kiangazi. Mimi nilimpa sehemu yangu ya chakula nilipoweza. Haikutosha. Yohana akaanza kukohoa, na mbavu zake zikaanza kuonekana.

"Dada," nikamwambia, "mlishe wako kwanza."

Alikuwa amempakata Muriuki. Hakukasirika.

"Na huyu nimweke wapi, Njoki?"

Kijiji kizima kilikuwa kimetuzunguka, na sikuona hata mlango mmoja wa kumpeleka.

Surua ikaingia kijijini. Iliwashika wote wawili. Muriuki akapona.

Yohana hakupona.

Tulimfunga kwa shuka, tukamzika nje ya uzio palipozikwa watoto wengine. Hapakuwa na jiwe wala jina. Herina aliomba sala fupi. Kisha askari akapuliza filimbi, naye Herina akaokota jembe lake akaenda kuchimba kipande chake cha handaki.

Siwezi kusema kwamba ni maziwa. Watoto wengi walikufa mwaka ule, wengine wakinyonya mama zao bila kugawana na mtu. Lakini siwezi kusema kwamba si maziwa.

Wambui aliporudi kutoka gerezani, vita vilikuwa vimepungua. Nywele zake zilikuwa zimenyolewa na mume wake alikuwa ameuawa msituni. Muriuki alikuwa akitembea. Alikuwa amejificha nyuma ya sketi ya Herina, akimwita mama.

Wambui akamshika mkono akamvuta. Mtoto akalia, akamshikilia Herina.

"Ulinitaja ili unichukulie na mtoto," Wambui akasema.

"Sikukutaja, Mama Muriuki."

"Nani mwingine? Nani mwingine alikuwa hajala?"

Nikafungua mdomo nimwambie habari ya maziwa na ya Yohana. Herina akanibana mkono mpaka nikaumia.

Wambui akatazama ndani ya nyumba, kona hata kona. Sauti yake ikapungua.

"Wako yuko wapi?"

"Alipumzika."

Wambui akamwinua Muriuki, akaondoka naye, mtoto akilia njia nzima.

Ishmaeli alirudi baadaye, amekonda, akichechemea mguu mmoja. Alimwulizia mwanawe. Herina akamweleza yote bila kuficha. Ishmaeli hakumlaumu, wala hakumwambia amefanya vizuri. Akatoka nje akaanza kurekebisha mlango uliokuwa mzima. Hawakupata mtoto mwingine.

Miaka michache baada ya uhuru, mdogo wake mume wa Wambui alilewa, akasema mwenyewe kwamba ndiye aliyekuwa ndani ya lile gunia. Habari ikazunguka kilima chote. Wambui aliisikia. Wakati huo alikuwa amehamia Mwea, akilima mpunga, na alikuwa akija Karatina sokoni. Tulikutana naye mara nyingi. Alitusalimu kwa kichwa, akapita.

Wambui alipokufa, miaka mingi baadaye, Herina akasema twende kumzika. Nilikataa, kisha nikaenda, kwa sababu asingeweza safari ile peke yake. Herina alifika akakunja mikono ya sweta, akakaa na wanawake kumenya viazi. Hakuna aliyemuuliza ametoka wapi.

Muriuki alikuwa mtu mzima, mfanyabiashara wa mchele Kutus, mwenye suti na watoto wake. Aliposimama kusema, alishukuru kanisa, akawashukuru majirani. Kisha akamshukuru baba yake mdogo, ambaye, alisema, alimlinda wakati mama yake alipofungwa. Mzee yule wa gunia alikuwa amekaa mbele. Aliinamisha kichwa.

Nikamgeukia Herina. Alikuwa anamenya.

Tuliporudi, tukitembea kutoka barabarani kwenda nyumbani, nilishindwa kunyamaza.

"Ulitaka Muriuki akutaje?"

Nilitegemea aniambie kwamba Mungu ameona. Ndivyo alivyokuwa akiwaambia wengine.

"Nilitaka," akasema. "Kila siku ya soko nilitaka. Hata leo nimekaa pale nikingoja. Mungu ameona, najua. Lakini nilitaka Wambui aseme."

"Na hakusema."

"Hakusema." Akapumua, akaendelea kupanda. "Ya Muriuki nimeyaweka chini, Njoki. Alikuwa na njaa, nikamlisha, yamekwisha. Ni ya Yohana ambayo hayaishi."