Baba Kendi na mzigo wa majani ya ng'ombe

Marafiki, leo mume wangu amevushwa na majani ya ng'ombe.

Asubuhi tukitoka kwa mamangu hapa Kianjokoma, Baba Kendi alijigamba mbele ya mama mkwe wake: "Mimi ni Mmeru. Nimekua nikichuma miraa juu ya miti. Njia ya korongo itanifanya nini?"

Haya, Mmeru.

Katikati ya ile njia nyembamba iliyochongwa kwenye mwamba, akachungulia mto kule chini.

Akaganda. Mbele hataki, nyuma hataki!

Mara akatupita shosho mmoja, bibi kizee, kamba kichwani, mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni. Kwake hiyo ni njia tu ya kwenda nyumbani. Akamwona Baba Kendi, akamhurumia.

"Kijana, shika majani hapa nyuma. Usiangalie chini."

Akashika. Akamfuata polepole kama ndama, mpaka ng'ambo.

Sasa tumerudi, na nasikia akimwambia mamangu, "Leo nimemsaidia shosho mmoja na mzigo wake."

Mama amefurahi sana. Amemwongezea nyama.

Lakini picha ninayo, ameshika majani nyuma ya shosho, na macho ameyafumba.

Niiweke hapa sasa hivi, ama tumwache kwanza amalize kula?